Jinsi ya Kusoma Mwelekeo wa Mitaji ya Ubia katika Soko la Nyumba Janja Barani Ulaya: Mwongozo Kamili

Habari nyingi za uwekezaji katika nyumba janja barani Ulaya huandikwa kwa mtindo mmoja: kampuni fulani ya Munich au Paris imepata mamilioni kadhaa ya yuro, mwanzilishi wake amenukuliwa akieleza furaha yake, na msomaji anaachwa aamini kwamba soko linakua. Ukikusanya habari za namna hiyo kwa mwaka mzima utapata rundo la tarakimu, lakini mwelekeo hutauona. Mitaji ya ubia ni fedha ambayo mifuko ya uwekezaji huiweka katika kampuni changa kwa kununua hisa zake. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mchambuzi, mwandishi wa habari za biashara, mjasiriamali anayetafuta mtaji, pamoja na Mswahili aliyeko Ulaya anayefikiria kuweka sehemu ya akiba yake katika kampuni changa za aina hii. Hoja inayouongoza ni kwamba, katika soko hili, fedha imeacha kukifuata kifaa na sasa inaufuata umeme unaopita ndani ya nyumba. Asiyeliona hilo atazisoma takwimu zote kichwa chini.

Hatua ya kwanza: Chora mipaka ya soko kabla ya kuhesabu chochote

Neno "nyumba janja" halina mpaka unaokubaliwa na wote. Wapo wanaoliwekea vifaa tu, yaani thamostati (vidhibiti vya joto la nyumba), kufuli za kielektroniki, kamera, taa na spika zinazopokea amri kwa sauti. Wengine huingiza pia kampuni zinazofunga paneli za sola, betri na pampu za joto (mitambo ya umeme ya kupasha nyumba joto), kwa sababu vyombo hivyo navyo huendeshwa kwa programu moja inayoamua lini nyumba itumie umeme na lini iuhifadhi. Tofauti ya mitazamo hiyo miwili si ndogo. Ukiziingiza Enpal ya Berlin, iliyoanzishwa 2017, na 1KOMMA5° ya Hamburg, iliyoanzishwa 2021 na kufikia thamani ya zaidi ya yuro bilioni 1 mwaka 2023, jumla ya soko lako itapaa; ukiziacha nje, utaona soko lililopoa.

Ushauri wangu ni kutengeneza majedwali mawili tangu mwanzo na kutoyachanganya kamwe. La kwanza liwe la vifaa na programu zake. La pili liwe la nishati ya nyumbani. Kampuni inayosimama katikati, kama tado° ya Munich, inayotengeneza thamostati, iandikwe katika yote mawili na iwekewe alama, ili isije ikahesabiwa mara mbili katika jumla kuu. Ripoti yoyote utakayoletewa, anza kwa kutafuta ukurasa unaoeleza ni kampuni zipi zimehesabiwa, na kama ukurasa huo haupo, ripoti hiyo iweke kando.

Hatua ya pili: Panga matukio kwa kufuata bei ya fedha

Mitaji ya ubia hupanda na kushuka pamoja na riba, na nyumba janja hazina kinga dhidi ya hilo. Kipindi cha kwanza kilianza takriban 2011, mwaka ambao tado° na Netatmo ya Paris zilianzishwa, kikapata msukumo mkubwa Januari 2014, Google ilipoinunua Nest ya Marekani, mtengenezaji wa thamostati, kwa dola bilioni 3.2. Kuanzia hapo kila mfuko wa uwekezaji wa Ulaya ulitaka kuwa na Nest yake. Fedha ilikwenda kwa waliokuwa na kifaa kizuri cha kuweka ukutani, na swali la faida liliahirishwa.

Kipindi cha pili ni cha makampuni makubwa kuingia moja kwa moja. Legrand ya Ufaransa, inayojulikana kwa swichi na soketi, ilishiriki katika duru (awamu ya kukusanya mtaji) ya yuro milioni 30 ya Netatmo mwaka 2015, kisha ikainunua kampuni yote mwaka 2018. Mwaka huohuo wa 2018 tado° ilipata dola milioni 50 kutoka kwa kundi lililojumuisha Amazon, kampuni ya umeme ya E.ON na Total. Hapo ndipo mwelekeo ulipoanza kujionyesha, kwa kuwa mwuza umeme na mwuza mafuta hawanunui hisa za kampuni ya thamostati kwa sababu ya kupenda thamostati.

Kipindi cha tatu ni 2021, fedha ilipokuwa rahisi kupita kiasi. Riba ya amana ya Benki Kuu ya Ulaya ilikuwa chini ya sifuri, kwenye asilimia -0.5, na ikabaki hapo hadi Julai 2022. Kisha yakaja mambo mawili kwa pamoja, na hapa ndipo wachambuzi wengi hujikwaa. Uvamizi wa Urusi nchini Ukraine uliipandisha bei ya gesi hadi ikavuka yuro 300 kwa megawati-saa Agosti 2022, jambo lililofanya kila familia itafute njia ya kupunguza ankara ya kupasha nyumba joto. Wakati huohuo riba ilianza kupanda, ikafika asilimia 4 Septemba 2023, na mifuko ikafunga mkono. Mahitaji yalipanda huku mtaji ukikauka. Hadithi ya tado° inaonyesha mvutano huo vizuri: mwanzoni mwa 2022 ilitangaza mpango wa kuingia soko la hisa la Frankfurt kwa kuungana na kampuni maalumu iliyokwisha kuorodheshwa huko, kwa thamani ya takriban yuro milioni 450, mpango ukavunjika kabla ya mwaka kwisha, Januari 2023 ikatangaza duru ya yuro milioni 43 kutoka kwa wawekezaji binafsi. Ukiitazama tarehe ya duru hiyo peke yake utadhani ni ushindi, lakini ukiisoma pamoja na kilichovunjika miezi michache kabla, utaelewa kwamba ilikuwa njia mbadala.

Riba imeshuka tena tangu hapo, hadi asilimia 2 Juni 2025, lakini fedha iliyorudi haikurudi mahali palepale.

Hatua ya tatu: Hakiki tarakimu katika daftari la serikali

Tangazo la duru ni maneno ya kampuni yenyewe. Waraka uliowasilishwa kwa msajili ni jambo jingine, na nchini Uingereza unaupata bure kwenye tovuti ya Companies House. Kampuni ikitoa hisa mpya hulazimika kuwasilisha fomu ya SH01 ndani ya mwezi mmoja. Fungua ukurasa wa kampuni, ingia kwenye historia ya nyaraka, kisha tafuta fomu hiyo.

Ndani yake utakuta safu zinazofanana sana, na mgeni huchukua safu isiyo sahihi. Ipo thamani ya jina ya kila hisa, ambayo mara nyingi ni sehemu ndogo ya senti na haina maana yoyote kibiashara. Na upo kiasi kilicholipwa kwa kila hisa, ambacho ndicho unachokihitaji. Tuchukue mfano wa kubuni. Kampuni ilikuwa na hisa 100,000, imetoa hisa mpya 25,000, na kila moja imelipiwa pauni 40. Imekusanya pauni 1,000,000. Hisa zote sasa ni 125,000, kwa hiyo thamani yake baada ya duru ni pauni 5,000,000. Kama gazeti liliandika kwamba kampuni hiyo imepata pauni milioni 3, basi umekwisha kugundua kitu: pengine fedha inatolewa kwa awamu, pengine sehemu yake ni mkopo, au pengine deni la zamani limegeuzwa hisa na kuhesabiwa kama fedha mpya. Hesabu hii ni ya makadirio, kwa sababu hisa walizoahidiwa wafanyakazi bado hazimo na madaraja ya hisa hayalingani haki, lakini inatosha kukuzuia kudanganywa.

Ujerumani ina utaratibu wake. Tangu 1 Agosti 2022 nyaraka za daftari la biashara hupatikana bila malipo, ikiwemo orodha ya wanahisa wa kila kampuni ya dhima yenye kikomo. Orodha hiyo haitaji bei iliyolipwa. Inakuonyesha nani ameingia na anashika asilimia ngapi. Linganisha orodha mbili zinazofuatana: mwekezaji wa zamani ambaye asilimia yake imeporomoka hakuongeza fedha, na mara nyingi yeye ndiye anayeijua kampuni kuliko mgeni aliyeingia jana. Kwa Ufaransa usitegemee mengi, kwani kampuni ndogo zinaruhusiwa kuomba hesabu zao zisiwekwe wazi.

Hatua ya nne: Tenganisha aina za fedha

Kampuni inayofunga sola na pampu za joto inahitaji mtaji wa aina mbili. Hisa hulipia programu, mishahara na upanuzi. Mikopo ya mabenki hulipia vyombo vyenyewe, ambavyo mteja huvilipa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Enpal, kwa mfano, imejipatia ahadi za mikopo za mabilioni ya yuro, na vichwa vya habari hupenda kulijumlisha fungu hilo na mtaji wa hisa. Mkopo uliodhaminiwa na malipo ya maelfu ya kaya hauna hatari inayobebwa na mfuko wa ubia, na haufai kuingia katika safu moja nao. Duru ya Aira ya Stockholm ya Januari 2024, yuro milioni 145 za hisa kwa ajili ya biashara ya pampu za joto, iandikwe kwenye safu ya hisa. Mikopo iwe na safu yake.

Tofautisha pia mfuko unaotafuta faida na kampuni kubwa inayowekeza kwa ajili ya mkakati wa biashara yake. E.ON, Legrand au Amazon ikiingia, inaweza kuvumilia hasara ambayo mfuko wa kawaida wenye miaka kumi ya kuishi hauwezi. Kwa upande mwingine, uwepo wake unaweza kuwafukuza wanunuzi wengine wa baadaye, maana nani atashindana na aliyekwisha kukaa sebuleni?

Hatua ya tano: Uliza nani analipa baada ya boksi kuuzwa

Hatua hii ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Kifaa cha nyumba janja huuzwa mara moja, lakini seva zake hugharimu kila mwezi kwa muda wote kinapoishi ukutani. Mwaka 2016 Nest ilizizima huduma za Revolv, kitovu cha kuunganisha vifaa vya nyumba ilichokuwa imekinunua, na wateja wakabaki na boksi lisilofanya kazi. Nchini Uingereza, Hive, chapa ya nyumba janja ya kampuni ya nishati ya Centrica, ilitangaza mwaka 2022 kwamba inaacha kamera na vihisi vya kuvuja kwa maji ili ielekeze nguvu kwenye upashaji joto na kuchaji magari. Sigfox ya karibu na Toulouse, iliyojenga mtandao wa redio wa kubeba ujumbe mfupi wa vifaa kama ving'ora vya nyumbani, ilikusanya zaidi ya yuro milioni 300, lakini Januari 2022 ikawa chini ya usimamizi wa mahakama. Miezi michache baadaye UnaBiz ya Singapore iliichukua.

Chukua mapato ya kampuni na uyagawe mafungu mawili, ya mauzo ya vifaa na ya malipo yanayojirudia, kisha ufuatilie uwiano wake mwaka hadi mwaka. Hapo ndipo utakapoona kwa nini fedha imehamia kwenye umeme. Zaidi ya robo tatu ya nishati inayotumika katika nyumba za Umoja wa Ulaya huishia kwenye kupasha vyumba joto na kuchemsha maji. Anayekidhibiti kidude kinachoamua lini pampu ya joto iwake anashika ufunguo wa fungu hilo.

Msomaji aliyezoea LUKU, umeme wa kulipia kabla wa Tanzania, ambako uniti moja ina bei ileile saa saba mchana na saa nane usiku, inabidi alielewe soko la jumla la umeme la Ulaya kabla ya kuendelea. Bei hupangwa siku moja kabla, na tangu Oktoba 2025 siku imegawanywa katika robo saa, yaani bei 96 kwa siku ya kawaida. Upepo ukivuma sana au jua likiwaka Jumapili mchana, bei inaweza kushuka chini ya sifuri. Jioni watu wanaporudi nyumbani, hupaa. Tangu 1 Januari 2025 kila mwuza umeme wa Ujerumani anapaswa kuwapa wenye mita janja mkataba wa bei inayobadilika. Tibber ya Norway, iliyoanza 2016, ilijijenga juu ya wazo hilo: humpitishia mteja bei ya soko, hudai ada ya mwezi, na programu yake huchaji gari wakati wa bei nafuu. tado° nayo iliinunua aWATTar ya Austria mwaka 2022 ili iingie katika uwanja huohuo. Kampuni ya thamostati iliyonunua mwuza umeme inakwambia mahali inapodhani faida ipo, tena kwa uwazi kuliko taarifa yoyote kwa wanahabari.

Kuna sababu nyingine ya kuziangalia kampuni za joto kwa jicho tofauti. Aprili 2025 Google ilitangaza kwamba haitazindua tena thamostati mpya za Nest barani Ulaya, ikitaja utofauti wa mifumo ya upashaji joto ya huku. Fungua boksi la vali janja ya kufungwa kwenye kipasha joto cha ukutani na utaliona tatizo kwa macho: pembeni ya kifaa kuna adapta kadhaa za plastiki, kwa sababu hesi iliyozoeleka Ujerumani ya milimita 30 kwa 1.5 haikai kwenye vali za Danfoss za Denmark. Kero hiyo ya fundi ni ukuta unaozilinda kampuni ndogo za Ulaya dhidi ya zile kubwa za Marekani. Katika kamera na spika ukuta kama huo haupo, na ndiyo maana huko mitaji ya Ulaya imebaki haba.

Hatua ya sita: Fuatilia milango ya kutokea

Mfuko wa ubia hupata faida siku unapouza, kwa hiyo orodha ya mauzo ina uzito kuliko orodha ya duru. Centrica iliinunua AlertMe ya Cambridge kwa pauni milioni 65 mwaka 2015. Nokia iliinunua Withings kwa yuro milioni 170 mwaka 2016, kisha mwaka 2018 ikaiuza kwa mmoja wa waanzilishi wake, Éric Carreel. Sonos ililipa dola milioni 37.5 kwa Snips ya Paris, iliyotengeneza utambuzi wa sauti, mwaka 2019. LG ilichukua asilimia 80 ya Athom, kampuni ya Uholanzi inayotengeneza kitovu cha Homey, mwaka 2024.

Tazama ukubwa wa tarakimu hizo. Ni mauzo ya makumi ya mamilioni, mara chache mamia, na wanunuzi ni viwanda. Mfuko unaohitaji kampuni moja irudishe mtaji wote haupati hilo katika vifaa. Kinyume chake ni Verisure, yenye asili ya Uswidi, inayouza ving'ora pamoja na ulinzi wa malipo ya kila mwezi. Ilipoingia soko la hisa la Stockholm Oktoba 2025 ilithaminiwa kwa zaidi ya yuro bilioni 13. Ilikuwa mikononi mwa mifuko ya ununuzi wa kampuni zilizokomaa, siyo ya ubia, na hilo nalo ni funzo kuhusu nani ana subira ya kungojea ada za kila mwezi zijikusanye.

Hatua ya saba: Weka kalenda ya sheria mezani

Sheria za Ulaya hupandisha gharama kwa tarehe zinazojulikana, na mwekezaji makini huziuliza kabla ya kitu kingine. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya ustahimilivu wa kimtandao ilianza kuwa na nguvu 10 Desemba 2024. Wajibu wa kuripoti udhaifu unaotumiwa na wadukuzi unaanza 11 Septemba 2026, na masharti yote 11 Desemba 2027. Kwa kawaida mtengenezaji atalazimika kutoa masasisho ya usalama kwa angalau miaka mitano, na faini inaweza kufika yuro milioni 15 au asilimia 2.5 ya mauzo ya dunia nzima. Uingereza ilitangulia: tangu 29 Aprili 2024 nywila moja ya kiwandani kwa vifaa vyote ni marufuku, na muda wa masasisho lazima utajwe.

Masharti haya yanamkandamiza mdogo anayeishi kwa mauzo ya boksi. Sheria nyingine zinafungua milango: Ujerumani, tangu 1 Januari 2024, pampu za joto na chaja za magari zinazozidi kilowati 4.2 hufungwa kwa sharti kwamba mwendesha gridi anaweza kuzipunguza nguvu, na mteja hupata nafuu ya ada ya mtandao. Nyumba inayotakiwa kujibu amri ya gridi inahitaji programu, na mtu wa kuiuza.

Kiwango cha Matter, kilichotoka Oktoba 2022 kwa kuungwa mkono na Apple, Google, Amazon na Samsung, kiandike pembeni. Kimerahisisha vifaa kuelewana, na kwa hiyo kimepunguza thamani ya kampuni zilizokuwa zikijivunia kuunganisha vifaa tu.

Hatua ya nane: Ikiwa fedha ni yako

Aliyeko Ulaya anaweza kununua hisa za kampuni changa kupitia majukwaa ya uchangishaji kama Crowdcube. Katika Umoja wa Ulaya, mwekezaji asiye mtaalamu hupewa siku nne za kufikiri upya baada ya kukubali, na huonywa rasmi anapotaka kuweka zaidi ya yuro 1,000 au asilimia 5 ya mali yake, kutegemea kipi ni kikubwa. Anayelipa kodi Uingereza aulize kama kampuni inastahili nafuu ya EIS, ambayo humrudishia asilimia 30 ya uwekezaji wake katika kodi ya mapato, au SEIS ambayo ni asilimia 50 kwa kampuni changa zaidi.

Kabla ya kulipa, rudi Companies House na usome katiba ya kampuni, sehemu inayoeleza mgawanyo wa fedha kampuni ikiuzwa. Mifuko mikubwa kwa kawaida hushika hisa za kipaumbele. Tuseme mifuko imeweka pauni milioni 20 kwa sharti la kurudishiwa kwanza, na kampuni inauzwa kwa pauni milioni 22. Wenye hisa za kawaida, ukiwemo wewe uliyenunua kwenye jukwaa, mtagawana milioni 2 zilizobaki, hata kama tangazo lilisema kampuni ina thamani ya milioni 60. Ukikuta mauzo ya soko hili ni ya ukubwa ulioonyeshwa katika hatua ya sita, fanya hesabu hiyo kwa bei tatu tofauti za mauzo, ya chini, ya kati na ya juu, na uiandike kwenye karatasi kabla siku nne hazijakwisha.